Shajara ya mradi: Toyota Fielder ya bei rahisi hapa Lubumbashi, na kurudisha vitu vilivyotolewa ndani yake

Naandika hii kwa wenzangu kutoka Tanzania na kwingine mnaokuja Lubumbashi kwa kazi au biashara na mnafikiria kununua gari hapa hapa. Mimi nasambaza mchele na maharage kwa mama lishe na maduka ya komine (manispaa za mji) za Kenya, Katuba na Kampemba, na hela ya teksi ilikuwa inakula faida yote. Bajeti yangu ni dola 4,000 kwa gari, karatasi na matengenezo ya mwanzo. Bei naandika kwa dola kwa sababu hapa spea na magari yanatajwa kwa dola hata kama utalipa kwa faranga, na mwaka 2024 dola moja ilikuwa kama faranga 2,800. Nitakuwa naongeza kila hatua ikiisha.

18 Mei 2024: Kutafuta

Kwanza niliwaza kuleta gari kutoka Dar. Nikapiga hesabu ya njia, Tunduma, Zambia yote mpaka Kasumbalesa, inakaribia kilomita 2,000, kuna bima ya kadi ya njano ya COMESA, kuna tozo za Zambia, halafu ushuru wa kuingiza Kongo. Kwa gari ya zaidi ya miaka 20 haina maana, ushuru na safari vinaweza kuzidi thamani ya gari yenyewe. Nikaamua nitafute ambayo iko hapa tayari na imeshalipiwa kila kitu.

Jambo la kujua mapema: Kongo wanapita kulia, lakini magari mengi ya bei ya chini hapa Lubumbashi yana usukani wa kulia, maana yanatoka Japani na yanaingilia upande wa Zambia. Za usukani wa kushoto zipo, ila kwa hela yangu nilizoonyeshwa zote zilikuwa zimechoka kabisa. Nimekubali usukani wa kulia, na shida zake nitaziandika zikifika.

Gari ya kwanza ilikuwa Toyota Spacio, safi kwa macho, dashibodi inasoma kilomita 98,000. Komisyonere (dalali) akawa ananiambia "Mama, hii iko muzima, haina pane", yaani haina hitilafu. Nikafungua mlango wa dereva nikaangalia kwenye bati la pembeni pale mlango unapofungia, Wajapani huwa wanabandika stika ya kubadilisha oili pale. Ilikuwepo, imefifia lakini namba zinasomeka: 25.6.14 na chini yake 121,400. Hiyo 25 ni mwaka wa Heisei, unajumlisha 1988 unapata 2013. Yaani mwaka 2013 gari ilikuwa na kilomita 121,400, leo ina 98,000. Nikashukuru nikaondoka. Hii stika iangalieni kabla hata ya kuwasha injini, haihitaji fundi wala kujua Kijapani.

Ya pili injini ilikuwa nzuri kweli, ila karte roze (ndiyo kadi ya gari ya hapa) ina jina la mtu mwingine, muuzaji anasema aliinunua kwa mtu aliyenunua kwa huyo mwenye jina, na mwenye jina yuko Kolwezi. Wenyeji wawili nilioongea nao walisema inawezekana kurekebisha. Mimi ni mgeni, siku nikisimamishwa barabarani au mtu akidai gari ni yake sina ukoo wa kunitetea hapa, kwa hiyo kwangu jina kwenye kadi liwe la huyo huyo anayepokea hela, na namba ya chesisi niisome mwenyewe kwenye bati niilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Hiyo nayo nikaiacha.

9 Juni 2024: Nimenunua

Toyota Corolla Fielder ya 2003, injini 1NZ, cc 1,500, otomatiki, dola 3,200. Walianza na 3,800. Jina kwenye kadi ni la muuzaji, mzee mmoja wa Bel-Air, tumekaa kwake sebuleni akanionyesha mpaka risiti za matairi. Komisyonere alitaka asilimia 10, tukamalizana kwa 150.

Kuhusu hela: noti za dola hapa zinakaguliwa moja moja kwenye mwanga, noti yenye mchaniko mdogo kama wa ukucha pembeni inakataliwa, na hakuna kubembeleza. Ukitoka nyumbani na dola chagueni noti safi tangu huko.

Karatasi: mkataba wa mauziano kwa notari, kuhamisha kadi kwenda jina langu, bima, vinyeti (kodi ya barabara ya mwaka), kontrole tekniki (ukaguzi wa gari). Vyote jumla dola 310. Bima zamani ilikuwa SONAS peke yake, sheria ya 2015 ikafungua soko na sasa kampuni ni kadhaa, kwa hiyo ulizeni bei sehemu tofauti. Vyote nimevitoa kopi, orijino ziko nyumbani isipokuwa zile za lazima, nimenunua na kizima moto, pembe tatu na kiboksi cha dawa maana hivyo polisi wa rulaji (wa barabarani) wanaviulizia. Tangu hapo nikisimamishwa ni "bonjour mama", natoa faili, naondoka.

30 Juni 2024: Hita haitoi joto

Wasiojua Lubumbashi wanadhani kuna joto mwaka mzima. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta mbili. Natoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kugawa mzigo, nimewasha hita, inapuliza hewa ya baridi tu. Halafu nikaona kitu kingine, mshale wa joto la injini unapanda nikiwa nimesimama, nikitembea kwenye barabara nzuri unashuka mpaka karibu na chini kabisa. Na mafuta yanakwenda vibaya, nilipopima kwa kujaza tenki mpaka juu nilipata kama kilomita 9 kwa lita.

Nikampelekea fundi mmoja mtu mzima pale Kamalondo, namuita Papa kama wanavyomuita wote. Akasikiliza nusu tu ya maelezo akacheka: "Mama, ile termostati banaitoshaka. Bote banaitoshaka, juu ya joto." Akafungua, kweli, nyumba ya termostati iko tupu, kuna gaski tu. Na maji yaliyotoka rangi ya chai ya rangi, ni maji ya bomba miaka na miaka, hakuna kulanti (maji maalum ya kupozea injini).

Mafundi wanaitoa kwa sababu termostati ikigoma kufunguka inaua injini, kwa hiyo wanaona bora isiwepo. Lakini ile kitu inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kabla ya hapo inaiacha injini ipate moto haraka. Bila hiyo injini inakaa baridi muda wote, kompyuta inadhani ndio kwanza umewasha na inazidi kumwaga petroli, oili haipati joto la kutosha. Nilimuomba Papa airudishe, akabisha kidogo, nikamwambia ikiniletea shida lawama ni yangu. Termostati mpya 14, kifuniko kipya cha rejeta 8 (kimeandikwa 1.1, cha zamani kilikuwa cha 0.9, sijui cha gari gani), kulanti 18, ufundi 15. Dola 55.

Matokeo: hita inachoma, mshale unakaa katikati hautikisiki, na mafuta sasa ni kilomita 12 kwa lita. Kwa mwendo wangu hiyo 55 inarudi haraka sana.

Hapo ndipo nilipobadilisha namna ya kufanya huu mradi. Nilikuwa najiandaa kununua vitu vipya vya kuiboresha gari, nikaona kazi ya kwanza ni kutafuta kiwanda kiliweka nini na wenye gari waliopita wakatoa nini. Nimeanza kuikagua kwa macho hayo: plastiki ya chini ya injini haipo, feni ya rejeta imeungwa moja kwa moja kwenye swichi pembeni ya usukani, boksi la filta ya hewa limefungwa kwa waya.

17 Agosti 2024: Vumbi

Huu ndio mwezi wa vumbi jekundu, barabara za ndani za Katuba na Ruashi ukipita nyuma ya lori huoni kitu. Gari ikaanza kutetemeka ikiwa sailensa (imesimama, injini inawaka), mshale wa mzunguko unapanda unashuka, taa ya injini ikawaka. Kijana mwenye mashine ya kusoma injini akapata namba ya hitilafu P0171, maana yake hewa ni nyingi kuliko petroli. Akasema ni sensa ya oksijeni. Tukafunga sensa ya okaze (iliyotumika), dola 40 na ufundi 10, taa ikazima, baada ya muda mfupi ikawaka tena ile ile. Hela imepotea na sensa ya okaze hairudishwi.

Nikarudi kwenye lile boksi la filta lililofungwa kwa waya. Nilifungua mwenyewe. Filta iliyokuwemo si ya hii gari, imekatwa kwa kisu ikae, na kona moja ina uwazi unaoingia kidole. Nikapitisha kidole ndani ya bomba la hewa, baada ya filta, kikatoka chekundu. Yaani vumbi lilikuwa linapita bila kuchujwa linakwenda moja kwa moja kwenye injini, na njiani linapiga ile sensa ya hewa yenye kijiwaya chembamba kama unywele, kikishikwa na uchafu kinapima hewa pungufu na kompyuta inatoa petroli kidogo kuliko inavyotakiwa.

Dawa: boksi zima la filta la okaze lenye klipu zake zote, dola 20, filta mpya saizi yake 10, na dawa ya kupuliza ya kusafishia sensa ya hewa 8. Ile dawa ya kabureta msiitumie hapo, na kijiwaya usikiguse hata kwa pamba, unapuliza unaacha kikauke. Dola 38. Taa imezima na haijarudi. Filta naitoa kuikung'uta kila wiki mpaka mvua zianze.

Uchafu mwingine unaingilia kwenye petroli. Nawaheshimu kadhafi wanaouza kwenye chupa pembeni ya barabara, wameniokoa usiku, ila kwenye hii Fielder filta ya petroli iko ndani ya tenki pamoja na pampu, kuibadilisha lazima unyanyue kiti cha nyuma. Kwa hiyo najaza stesheni, na tenki halishuki chini ya robo.

6 Oktoba 2024: Joto na feni

Oktoba ndio mwezi wa joto kali hapa kabla ya mvua. Foleni karibu na soko la Kenya, mzigo wa mchele kilo 300 nyuma, mshale ukaanza kupanda. Ile swichi ya feni iliyoungwa kienyeji ilikuwa imeyeyuka kwa ndani, unabonyeza haipeleki umeme. Nikazima injini, nikasukumwa na vijana mpaka pembeni, tukasubiri. Kama mshale usingekuwa unasoma vizuri (na ulianza kusoma vizuri pale tu termostati iliporudi) ningeunguza gasketi ya silinda hedi, na hapo mradi mzima ungekuwa umeisha.

Papa akapima akasema na rejeta nayo imeziba, ile kutu ya maji ya bomba imejaa kwenye mirija ya chini, ukiigusa katikati ni ya baridi wakati pembeni inaunguza. Tukajaribu njia ya bei nafuu, rejeta ya okaze 35, ufundi 15. Haikufika mbali. Ikaanza kuvuja pale plastiki ya juu inapobanwa na alumini, plastiki ikizeeka inapoteza mbano wake na ukiiwekea mgandamizo kamili inaachia. Dola 50 zimekwenda. Ushauri wangu, vitu vingi vya okaze ni sawa, milango, taa, boksi za plastiki, hata shokapu, lakini rejeta na vitu vya mpira nunua vipya.

Mara ya pili nikaagiza Dar, ndugu yangu akanunua Gerezani pale Kariakoo, ikapanda basi mpaka huku: rejeta mpya 75, feni na lile ganda lake la plastiki linaloilazimisha hewa ipite kwenye rejeta 45 (langu lilikuwa nusu). Hapa nikanunua relei na sensa ya joto 22, kulanti 18, ufundi 30. Jumla 190, ndiyo matengenezo makubwa kuliko yote. Waya wa kienyeji tuliutoa wote, feni sasa inawaka na kuzima yenyewe kama ilivyotoka Japani. Papa alisimama kama robo saa anaitazama ikijiwasha na kujizima, akasema "eyo, njo vile" (ndiyo, ndivyo hivyo), na mteja aliyekuja baada yangu nikamsikia anamwambia asitoe termostati.

24 Novemba 2024: Taa na njia ya Kasumbalesa

Hii naomba msome polepole kwa sababu inahusu uhai wa watu.

Mzigo wangu unashukia Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka mjini, na malori pale yanabadilisha upande, Zambia wanapita kushoto na ukivuka ni kulia. Mimi kwenye usukani wa kulia nakaa upande wa majani. Nyuma ya lori la shaba sioni mbele kabisa, ili nione inabidi nitoe karibu gari nzima kwenye njia ya wanaokuja. Kwa hiyo sipiti lori bila mtu wa kukaa kushoto anitazamie, na nakaa mbali nyuma ya lori maana ukiwa mbali unaona zaidi. Nikiwa peke yangu sipiti, nachelewa, basi. Kwenye peaji (kituo cha kulipia barabara) nako dirisha la kulipia liko upande wa abiria, ukiwa peke yako unajinyoosha au unashuka.

Lakini usiku kulikuwa na shida sikuielewa, kila gari inayokuja inanipigia taa kamili na mimi nimewasha za chini. Zile taa za Japani zimetengenezwa kwa nchi ya kupita kushoto, kwa hiyo mwanga wa chini umenyanyuliwa upande wa kushoto ili umulike pembeni ya barabara. Hapa kushoto ndiko wanakotokea wengine, unawachoma machoni kabisa. Fundi mmoja alizishusha taa zote mbili kwa skrubu, ikawa mbaya zaidi, mimi sioni watu wanaotembea pembeni na wale bado wanapofuka kidogo.

Kilichofanya kazi: jioni nikaipaki mita 5 kutoka kwenye ukuta mweupe, sehemu tambarare, nikawasha taa za chini. Ukutani unaona mstari wa mwanga umelala, halafu upande wa kushoto unapanda kama ngazi. Mtu mmoja akawa anapitisha kipande cha karatasi ngumu mbele ya kioo cha taa polepole mpaka ile ngazi ikazimika, tukaweka alama, tukabandika teipu nyeusi nene pale pale, kipande kidogo tu, halafu taa ya pili. Teipu dola 2. Skrubu tukazirudisha zilipokuwa. Mwanga umepungua kidogo ila hakuna anayenipigia taa tena. Teipu inaachia kwa joto, naikagua kila wikiendi. Kupata taa za Fielder za usukani wa kushoto nimeulizia mpaka nimechoka, hakuna.

Mvua nayo imeanza, na ile plastiki ya chini iliyokosekana sasa inaonyesha kazi yake, tairi la mbele linarusha tope kwenye mkanda wa alteneta, mkanda unalia. Mkanda mpya 12, plastiki ya okaze ya chini na ya pembeni ya tairi 15, ufundi 8. Kimya. Na matairi mawili ya mbele ya okaze 50, kwado (fundi wa matairi) wangu wa karibu ameyafunga bure kwa sababu namuuzia mchele.

Redio: za Japani zinaishia FM 90, ndio maana hamtapata stesheni nyingi za hapa. Kuna kifaa kidogo cha kuunga kwenye waya wa antena. Sijanunua, nasikiliza simu.

15 Februari 2025: Hesabu mpaka sasa

Gari, komisyonere na karatasi 3,660. Matengenezo 470, ndani yake 100 ni ile iliyopotea kwenye sensa na rejeta za okaze. Jumla 4,130, nimepitiliza bajeti kwa 130. Sijaweka petroli, na oili nabadilisha kila kilomita 5,000, lita 4 inatosha na inabaki kidogo.

Bado: bushi za mkono wa chini upande wa kushoto zinagonga kwenye mashimo, Papa anasema zitadumu mpaka Aprili, mimi nataka zibadilishwe kabla. Mkono mzima mpya naambiwa 35 hapa, Gerezani naulizia. Na kebo ya breki ya mkono imelegea, hiyo ni wiki ijayo.

Mwenye Fielder au IST hapa mjini ambaye anajua zinakopatikana plastiki za chini ya injini mpya, si za okaze, anijulishe nitaongeza bei yake kwenye shajara hii.